Mti Una Dawa Yake: Jinsi ya Kutunza Kinga ya Mipaina, Milingoti na Miwati Nyanda za Juu Kusini

Mwenye shamba la mipaina kule Mufindi, kusini mwa Tanzania, akiona pamba nyeupe kwenye vichomozo, swali lake la kwanza huwa: nipulize dawa gani? Swali hilo limewahi mno. Mti wenyewe unatengeneza dawa mchana kutwa, na wadudu wakiuzidi nguvu, mara nyingi ni kwa sababu umekosa maji, mwanga au nafasi ya kuitengeneza. Tena mti wa mita 15 hakuna bomba la mgongoni litakaloufikia kileleni. Kwa hiyo kazi ya mkulima mwenye ekari mbili tatu Kilolo, Njombe, Makete au Rungwe ni kujua mti wake unajilinda kwa kitu gani, kupima kama kipo cha kutosha, na kuacha kukipoteza.

Jua silaha ya mti wako

Mpaina unategemea utomvu. Ndani ya gome na ndani ya mbao kuna mifereji myembamba sana iliyojaa utomvu, nao unasukumwa na maji yaliyomo kwenye mti. Bungua akitoboa na kukata mfereji mmoja, utomvu unamfurika. Una sehemu mbili zenye kazi tofauti. Tapentaini ni nyepesi, harufu yake kali, na ni sumu kwa wadudu wengi na kwa kuvu wanaoingia nao. Rozini ni nzito. Tapentaini ikishapeperuka, rozini inabaki, inaganda na kuziba kidonda. Ndiyo sababu utomvu mbichi unanata vidoleni, lakini uliozeeka unakuwa mweupe na kuvunjika ukiuminya.

Mlingoti, yaani mkaratusi, unatumia mafuta. Chukua jani moja, lielekeze kwenye jua na ulitazame kwa chini: utaona vitone vingi vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Ukifikicha jani unavipasua, na harufu inayopanda puani ni ya sineoli, ile ile iliyomo kwenye dawa nyingi za mafua. Shina likijeruhiwa hutoa gundi nyekundu nzito yenye tanini, nayo huziba jeraha kama rozini inavyoziba kwa mpaina.

Muwati ni tanini tupu. Gome lake kavu lina tanini kwa karibu theluthi ya uzito, na ndiyo iliyofanya kampuni ya miwati ianzishwe Njombe mwaka 1949. Tanini hushikana na protini. Ngozi ya ng'ombe ikilowekwa humo haiozi. Tanini ikiingia tumboni mwa mdudu, chakula hakimeng'enywi vizuri. Ila usiitegemee kuua. Viwavi wengi wana tumbo lenye hali ya alkali, na humo tanini hupungua makali. Inachofanya zaidi ni kumchelewesha kiwavi kukua, akakaa jani hilo hilo siku nyingi zaidi mbele ya ndege, buibui na nyigu. Ukipuliza sumu inayoua kila kitu, unaua wale buibui na nyigu ambao tanini ilikuwa inawawekea chakula. Hapo hata silaha ya mti inakuwa haina maana.

Kinga hii ina tabaka mbili. Ya kwanza ni akiba, ipo muda wote. Ya pili ni ya dharura: jani au gome likishaumwa, mti hutengeneza homoni iitwayo asidi ya jasmoni, na ndani ya saa hadi siku chache kemikali za kinga zinaongezeka. Mpaina unaweza pia kujenga mifereji mipya ya utomvu, lakini hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. (Habari zinazosambaa kwamba miti "inaongea" zimetiwa chumvi. Ni kweli jani lililoumwa hutoa harufu, na majani ya jirani huweza kuitikia. Watafiti wa Marekani waliripoti jambo hilo mwaka 1983. Lakini hakuna mti utakaoliokoa shamba kwa kupiga yowe.) Tabaka zote mbili zinagharimu sukari, na sukari inatoka kwenye majani yanayopata jua. Mapendekezo yote yanayofuata yamejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kupima utomvu wa mipaina

Hiki ni kipimo cha kulinganisha miti ndani ya shamba moja. Unahitaji kile chuma cha duara chenye makali ambacho mafundi viatu hutobolea ngozi, kipenyo chake kama milimita 12, pamoja na nyundo, panga kali, rula na chaki.

Chagua miti 10 yenye unene wa sentimita 15 au zaidi kwa kipimo cha usawa wa kifua: mitano unayoiona ina afya, mitano unayoitilia shaka. Iliyo ukingoni mwa shamba iache, maana inapata jua na upepo kuliko mingine. Anza saa moja asubuhi siku isiyo na mvua, na umalize yote ndani ya saa moja.

Kwenye kila mti, pima mita 1.3 kutoka chini. Kwa panga, kwangua magamba makavu ya nje taratibu mpaka gome liwe laini la rangi nyekundu ya hudhurungi. Simama hapo, usifike kwenye weupe. Weka chuma, piga nyundo mpaka usikie mlio umebadilika kuwa mkavu. Umegusa mbao. Toa kile kipande cha gome, weka alama ya chaki, nenda mti unaofuata.

Kabla hujaondoka, rudi kwenye mti wa kwanza ukaangalie kidonda kwa karibu. Kwenye mti wenye nguvu vitone vinachomoza vidogo kama kichwa cha pini, vyeupe kama maji. Vinavimba, vinaungana, kisha kimoja kinashindwa kujizuia na kuteremka juu ya gome, na mchirizi unaanza. Mara nyingine utakuta sisimizi amenasa humo kabla hujafika mti wa tano. Mti dhaifu unabaki na kidonda chenye unyevu tu, kama ngozi iliyochubuka isiyotoa damu.

Kesho yake saa ile ile, pima urefu wa mchirizi kwa rula na uandike.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni machache lakini ya kawaida. La kwanza ni kupima miti mitano asubuhi na mitano mchana: joto hulainisha utomvu ukatiririka zaidi, na shinikizo la maji ndani ya mti hushuka jua likipanda, kwa hiyo namba zako hazitalingana. La pili ni kulinganisha aina tofauti. Pinus elliottii kwa asili hutoa utomvu mwingi kuliko Pinus patula. Jirani mwenye elliottii asikutishe. La tatu ni kupima mti unaogemwa utomvu kwa biashara, kwani akiba yake imeshatumika. Na usirudie kutoboa mti ule ule kila mwezi, kwa sababu kila tundu ni kidonda ambacho nacho kinataka kuzibwa.

Kusoma majibu kunahitaji kujua msimu. Wengi hudhani mti unaokua kwa kasi ndio wenye utomvu mwingi. Siyo lazima. Februari, mvua zikiwa zimekolea, mpaina unapeleka sukari kwenye kurefuka. Ikifika Juni, udongo bado una unyevu lakini baridi na ukame kidogo vimepunguza kurefuka. Majani yanaendelea kutengeneza sukari, na sehemu kubwa zaidi inaweza kwenda kwenye kinga. Ukame ukizidi, Septemba na Oktoba, kiwanda chote kinapungua na vidonda vinaweza kubaki vikavu. Kwa hiyo mchirizi mfupi wa Februari si balaa. Kidonda kikavu mwezi Juni ndicho cha kukukosesha usingizi.

Miti mikubwa ikitiririka na ile iliyofunikwa na wenzake ikabaki mikavu, tatizo ni msongamano. Yote ikiwa mikavu, angalia udongo, mizizi na moto wa mwaka uliopita.

Kupunguzia

Wakulima wengi hupanda mita 2 kwa 2, yaani karibu miti 1,000 kwa ekari, kwa hofu kwamba baadhi itakufa. Mita 3 kwa 3 ni kama 450 kwa ekari, na kwa mpaina wa mbao hiyo ndiyo nafasi ya busara. Ukishapanda kwa msongamano, usisubiri miaka 8 hadi 10 kama shamba la 3 kwa 3. Anza kupunguzia, yaani kukata baadhi ya miti, matawi ya jirani yanapogusana na majani ya chini kuanza kukauka.

Ondoa kwanza iliyofunikwa, iliyopinda na yenye vilele viwili. Wakulima wa mazoea hukata minene kwa ajili ya nguzo na kuacha myembamba "ikue". Huko ni kubakiza askari wasio na risasi. Afrika Kusini walijifunza hili kwa gharama: nyigu wa mbao Sirex noctilio alipogunduliwa Cape Town mwaka 1994, miti iliyokuwa inamvutia zaidi ni ile dhaifu ya mashamba yasiyopunguziwa. Nyigu huyo hutoboa gome, hutaga, na kupachika ute wenye sumu pamoja na kuvu. Mti wenye utomvu wa kutosha huweza kumzima hapo hapo.

Ukimaliza kukata, ondoa magogo mabichi shambani mapema. Tapentaini inayomuua mdudu mmoja ni mwaliko kwa mwingine: bungua wengi wa mipaina hutafuta mti dhaifu kwa kunusa. Mti uliochomwa moto au uliotuamiwa na maji hutoa pia alkoholi, nayo huvuta wale mbawakawa wadogo wanaoacha unga mweupe mwembamba nje ya matundu. Rundo la magogo likikaa shambani mpaka gome lianze kubanduka, umewafungulia wadudu kitalu chao.

Kupogolea

Wakati mzuri ni Mei hadi mwanzoni mwa Julai. Udongo una maji, mti umepunguza kurefuka, na utomvu upo wa kuziba. Epuka Septemba na Oktoba.

Tumia msumeno wa kupogolea. Panga huchana gome chini ya tawi, na mchano huo ni mrefu kuliko utomvu wa mti mdogo unavyoweza kufunika. Tawi likiwa zito, kata kidogo upande wa chini kwanza, kisha malizia juu, ili lisining'inie na kuvua gome. Usikate kwa kulaza msumeno kwenye shina: kila tawi lina ule mduara uliovimba linapoungana na shina, na tishu za kufunga kidonda ziko humo. Kata nje yake kidogo. Majani mabichi yabaki angalau nusu ya urefu wa mti. Kuna wanaopandisha mpaka mti ubaki na kishungi kama fagio kwa ajili ya kuni; mti huo umenyang'anywa jiko.

Usipake rangi wala lami kwenye kidonda cha mpaina. Utomvu unaziba vizuri kuliko rangi.

Pale ambapo utomvu hausaidii kitu

Pamba nyeupe kwenye vichomozo vya mpaina ni vidukari wa pamba, Pineus boerneri. Utajiuliza: mti umejaa utomvu, mbona wapo? Kwa sababu hawatafuni. Mdomo wao ni kama sindano. Wanaupenyeza katikati ya seli bila kukata mifereji, utomvu haupati nafasi ya kumwagika. Vidukari wa misaipresi, walioonekana Malawi mwaka 1986 kisha wakaenea Afrika Mashariki, wana kosa la ziada: mate yao ni sumu kwa mti, na tawi linaweza kukauka lote hata kama vidukari wenyewe wamebaki wachache.

Dhidi ya hawa, fanya mambo matatu. Acha urea na mbolea nyingine zenye naitrojeni nyingi, kwa sababu naitrojeni inaujaza mti majimaji yenye virutubisho wanavyovitaka na kuuacha na kemikali chache za kinga. Zuia sisimizi, maana wanawachunga vidukari wa misaipresi kwa ajili ya majimaji matamu na kuwafukuza maadui zao. Ukiona masizi meusi kwenye majani na safu ya sisimizi kwenye shina, hapo pana mkataba. Kwenye miti michache ya nyumbani, zungushia shina utepe wa karatasi ngumu uliopakwa grisi, usipake grisi kwenye gome lenyewe. La tatu, waache wale mbawakawa wadogo wa duara wenye madoa na mabuu yao. Hao ndio wanaofika kileleni ambako bomba halifiki.

Kwa misaipresi ya uzio, mwaka wa mashambulizi makali usifyeke wala kupunguza uzio wakati wa kiangazi. Vichomozo laini vinavyofuata huweza kuwavutia vidukari.

Milingoti: vinundu na mchwa

Nyigu wa vinundu, Leptocybe invasa, ana urefu wa milimita 1 hivi. Hutaga kwenye mshipa wa kati wa jani changa na kwenye kikonyo chake. Pasua kinundu kwa wembe: ndani utaona vyumba vidogo, kila kimoja na buu jeupe limejikunja, na nyama laini ya mti imemzunguka. Mdudu ameulazimisha mti kumtengenezea nyumba na chakula, na mafuta ya jani hayamfikii humo. Kupuliza nako hakumfikii. Dawa ya hakika ni chaguo la mbegu. Eucalyptus camaldulensis na chotara zake nyingi hushambuliwa vibaya, hasa maeneo ya chini yenye joto. Ukinunua miche, igeuze majani kabla ya kulipa. Mche mmoja wenye vinundu kwenye kitalu unatosha kukataa kitalu kizima.

Mchwa ni hadithi nyingine, na huku ndiko hasara kubwa iliko kwenye miezi ya mwanzo. Mlingoti mkubwa una kemikali kwenye kiini cha mbao. Mche wa miezi minne hauna. Mchwa humkata mche usawa wa ardhi, na humwanza yule aliyenyong'onyea. Hivyo kinga inaanzia kitaluni. Wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, punguza maji kutoka kila siku hadi kila siku ya pili au ya tatu, ondoa kivuli chote, kata mizizi iliyotoka nje ya viriba, na usitie urea. Mche ukishakomaa, shina huwa gumu na la hudhurungi chini, majani yamekaza. Mche mrefu wa kijani kibichi unaopendeza sokoni ndio atakaoanza nao mchwa.

Panda Desemba hadi mwishoni mwa Januari, mashimo ya sentimita 30 kwa 30 kwa 30. Mizizi iliyojikunja chini ya kiriba ikate, kwa sababu mti wenye mizizi iliyojisokota utakuwa na kiu maisha yake yote. Usirundike nyasi kavu zikagusa shina. Kwa mipaina, hakikisha kitalu kilichanganya udongo wa chini ya mipaina ya zamani. Bila kuvu wa humo miche inabaki ya njano na dhaifu. Ukilazimika kutumia kiuatilifu cha mchwa, nunua kilichosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na ufuate kipimo cha kwenye lebo.

Utupa kwa kitalu

Kwa vidukari kitaluni, azima kinga ya mmea mwingine. Majani ya utupa yana rotenoni, sumu ya wadudu, na jamaa zake. Kausha majani kivulini, twanga. Unga kilo 1, maji lita 10, sabuni ya unga gramu 10, yaani kama kijiko kimoja cha mezani. Usiache sabuni: ndiyo inayotoa kemikali kwenye jani, maji peke yake hayawezi. Loweka saa 24, chuja kwa kitambaa, puliza jioni, kwani jua huivunja haraka. Rudia baada ya wiki. Vaa glavu na barakoa wakati wa kutwanga.

Kuna utupa wa aina mbili zinazofanana kwa macho. Mmoja una rotenoni, mwingine hauna kabisa. Jaribu kwanza kwenye miche 20. Baada ya siku tatu vidukari wakiwa bado wanastarehe, mbegu yako ni ile nyingine, na kuongeza kipimo hakutabadilisha kitu.

Bomba lisioshewe mtoni wala karibu na bwawa. Utupa ndio huo huo watu waliovulia samaki.

Kama si wadudu

Kilele cha mpaina au mlingoti kikikauka mwishoni mwa kiangazi, na kwenye mpaina utomvu ukaonekana kwenye chipukizi lililokufa bila tundu wala unga wa mbao, shuku upungufu wa boroni kabla ya kushuku mdudu. Tatizo hilo liliandikwa kwenye mipaina ya Tanganyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Boroni ikizidi inaunguza mti, kwa hiyo usimwage kwa kukisia. Pima udongo au majani kwanza.

Ukipeleka sampuli kwa afisa misitu, kata kichomozo cha sentimita 20 chenye sehemu iliyokufa na sehemu hai pamoja. Funga kwenye gazeti kavu, siyo mfuko wa nailoni, maana kwenye nailoni kitaoza njiani. Wadudu waweke kwenye kichupa chenye spiriti. Andika kwa penseli tarehe, kijiji, aina ya mti, umri, nafasi ya kupanda, na mwezi uliopogolea mara ya mwisho.